Paja Nililolikanda

Nilimkanda kijana paja lililokuwa limejaa damu. Nilimkanda kwa maji moto na chumvi, kwa mafuta ya kuchua, kwa vidole gumba viwili, jioni baada ya jioni. Niliamini namponya. Nilikuwa namuumiza. Alikuwa na miaka kumi na saba, winga wa kulia wa timu ya mtaa ninayoifundisha hapa Ruring'u, Nyeri, na sina wa kugawana naye lawama, kwa kuwa aliyeamua ni mimi na aliyekanda ni mimi.

Nawaandikia watu wanaofanya kazi kama yangu: makocha wa mtaa wasio na fizio, walimu wa michezo, wazazi, kaka wakubwa ambao mdogo wao akirudi kutoka uwanjani anachechemea wao ndio hospitali ya kwanza. Nia njema nilikuwa nayo. Haikumsaidia kijana hata kidogo.

Wengi wanaojua jina la Ruring'u wanalijua kwa historia, kwa sababu katika uwanja wa hapa ndipo wapiganaji wa Mau Mau walipokusanyika Disemba 1963 walipotoka msituni baada ya uhuru. Sisi tunaoishi hapa tunaujua uwanja huo pia kwa ukarabati uliokuwa ukianza na kusimama, ukatupeleka kuomba viwanja vya shule. Viwanja hivyo vina mabonde na vifuko vya matope, na pembeni hamna gari la wagonjwa wala sanduku la huduma ya kwanza. Mna kocha na chupa ya maji. Siitaji hali hiyo kama kisingizio. Naieleza kwa sababu timu nyingi za Nyeri, Karatina na Nanyuki hucheza katika hali hiyo hiyo kila Jumapili, na pasipo na mtaalamu, mtu mwenye sauti kubwa ndiye anayegeuka mtaalamu. Siku hiyo mwenye sauti kubwa nilikuwa mimi.

Mechi ilikuwa ya kirafiki. Hapakuwa na pointi wala kombe. Beki wao alichelewa kuufikia mpira, goti lake likamwingia winga wetu mbele ya paja, katikati ya nyonga na goti. Kijana akaanguka, akashika mguu, akainuka. Nikakimbia nikamwangalia. Ngozi ilikuwa nzima. Damu haikuwepo. Rangi haikuwa imebadilika. Nikamwambia avumilie. Baada ya muda mfupi nikaona hafungui hatua, anakimbia kama mtu anayeuburuta mguu, nikamwita pembeni nikamsugua paja kwa nguvu ili damu itembee, kama tunavyosema, kisha nikamrudisha ndani. Nilijua anaumia. Nilimrudisha.

Jinsi nilivyofikia kukanda si ajabu kwa yeyote aliyelelewa huku. Cucu, nyanya yetu, alitukanda sote: ukianguka kwenye mti, ukipigwa teke na ng'ombe wakati wa kukama, ukiteguka mguu kwenye njia ya mtoni, dawa ilikuwa karai la maji moto, konzi ya chumvi, kitambaa na mkono wake mzito, na kwa kuwa tulipona karibu kila mara, tuliamini ni karai lililotuponya, wala hatukufikiria kwamba wengi wetu tungepona hata tungeachwa tulale. Nilipoanza kucheza mpira nikakuta imani ile ile kwenye benchi, safari hii ikiwa ndani ya chupa ya mafuta yenye harufu kali. Misuli ikikaza dakika za mwisho, ukikandwa unapata nafuu pale pale, na mtu aliyepata nafuu hiyo mara nyingi huona mkono unatibu kila kitu kinachouma mguuni. Tena ilikuwa Julai. Wanaoijua Nyeri wanajua Julai: ukungu mpaka saa nne, manyunyu yasiyoisha, maji ya bomba yanayouma vidole. Nani angemwambia mtoto wa watu aweke kitu cha baridi mwilini mwezi huo? Maji moto yalionekana ni huruma.

Kwa hiyo jioni ile ile nilikwenda kwao, nikamwomba mama yake achemshe maji, nikaanza. Paja lilikuwa limevimba na kukaza. Kijana aliuma meno. Mimi niliyachukulia maumivu yake kuwa dalili kwamba nimepapata penyewe, nikaongeza nguvu.

Siku chache baadaye likatokea jambo lililonidanganya kuliko yote. Kijana ni mweusi wa ngozi, na pale alipogongwa hapakuonekana alama. Lakini asubuhi moja alinionyesha upande wa ndani wa goti, chini kabisa ya mahali alipoumia, akiwa na doa pana la zambarau iliyoiva, na kando yake rangi kama ya manjano iliyochafuka. Hakuwa amegongwa pale. Nikafurahi. Nikamwambia, "Unaona? Damu mbaya inashuka, inatoka." Nikaihesabu kuwa ni kazi ya mikono yangu. Ukweli ni kwamba damu nyingi ilikuwa imemwagika ndani ya msuli, na sehemu yake ilikuwa inateremka kwa uzito wake kati ya tabaka za nyama mpaka ikapata mahali pa kuonekana. Doa lile lilikuwa linaniambia kwamba jeraha ni kubwa na liko ndani sana. Nililisoma kinyume.

Laiti ningejua wakati ule kitu ambacho daktari alinieleza baadaye kwa maneno machache. Ukigongwa, mishipa midogo sana ya damu inapasuka. Damu ikiwa kidogo na ikasambaa chini ya ngozi, ndilo lile vilio la kawaida: linaanza jekundu, linakuwa bluu au zambarau ndani ya siku moja au mbili, halafu kijani, halafu manjano na kahawia, na ndani ya wiki mbili hivi limekwisha. Rangi hizo ni mwili unaivunja ile damu hatua kwa hatua na kuibeba. Vilio la namna hiyo ni bapa. Ukipitisha kidole hukuti kilima. Linauma ukilibonyeza, lakini kiungo kilicho karibu kinafanya kazi yake.

Lakini mshipa mkubwa kidogo ukipasuka, au damu ikimwagika kwa wingi kuliko nyama inavyoweza kuinyonya, damu haisambai. Inakusanyika pamoja na kujitengenezea nafasi, inaganda, inasukuma kila kilicho jirani. Madaktari huita donge hilo hematoma. Lina uvimbe unaoshikika, lina joto, linakaza, na maumivu yake yanaweza kuongezeka baada ya saa kadhaa badala ya kupungua. Likiwa chini ya ukucha utaliona jeusi. Likiwa kwenye kichwa cha mtoto ni ile nundu tunayoijua sote. Likiwa ndani kabisa ya msuli wa paja, juu ya mfupa, unaweza usione chochote. Ndiyo maana kuangalia rangi peke yake, kama nilivyofanya pale pembeni ya uwanja, ni sawa na kutoangalia. Inabidi kugusa taratibu, kulinganisha paja na paja, na kumwambia mgonjwa akunje goti.

Kuna mahali ambapo donge hilo halionekani wala halishikiki kabisa, nalo ni ndani ya fuvu. Kenya tuna mfano ambao watu wa rika langu hawajausahau. Robert Wangila Napunyi alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Julai 1994 alipigana Las Vegas, refa akalisimamisha pigano katika raundi ya 9, naye akapinga uamuzi huo akisema yuko sawa. Alitoka ulingoni kwa miguu yake. Katika chumba cha kubadilishia nguo akazimia, akapelekwa kupasuliwa kichwa, na hakuamka tena. Nilikuwa nimesikia habari hizo mara nyingi, nikazihifadhi kama habari za ndondi. Sikuwahi kuzileta kwenye uwanja wangu, ambako wachezaji hugongana vichwa kila wiki na mimi huwauliza tu, "Uko sawa?" Mtu anaweza kuwa na damu inayojaa polepole akajibu kwamba yuko sawa, na wakati anajibu ni kweli anajiona yuko sawa. Kwa wazee ni hatari zaidi. Mzee anaweza kujigonga kidogo kwenye mlango, hasa akiwa anatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na maumivu ya kichwa au kuchanganyikiwa kukaja wiki kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha sahau mlango.

Turudi kwa paja. Wiki zilipita, uvimbe ukapungua, maumivu yakapungua. Nikaanza kumkimbiza mazoezini. Goti halikukunjika vizuri. Nikasema ni uvivu wa msuli, nikamvuta kisigino kuelekea matakoni kwa nguvu huku akilalamika. Kisha jioni moja, nikimkanda kama kawaida, kidole gumba kikagota. Nyama hutii ukiibonyeza, hata iliyokaza. Hiki hakikutii. Kilikuwa kigumu kama kokwa ya avokado, ndani kabisa, urefu wa kama kiganja, na kilipokaa hapajawahi kuwa na mfupa wa kushikika. Nilirudi nikakitafuta kwenye paja la pili. Hakikuwepo. Nikaacha kukanda. Sikumwambia kijana neno, nikamwambia tu kesho twende hospitali, na njiani kwenda nyumbani nilijiambia huenda ni mshipa umejikunja.

Daktari alikuwa mtu mtaratibu. Alimlaza kijana kifudifudi kitandani akamwomba akunje goti la mguu mzima. Kisigino kikafika matakoni. Akamwomba akunje la pili. Mguu ukapanda, ukafika pale ambapo unyayo unatazama dari, ukasimama, ukatetemeka. Daktari akapenyeza kiganja chini ya paja, akakaa kimya kidogo, akauliza bila ukali, "Nani amekuwa akikanda hapa?"

Kijana akasema, "Ni kocha. Lakini alikuwa ananisaidia, daktari."

Nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Mpaka swali lile lilipoulizwa nilikuwa bado natumaini kuambiwa kwamba jambo limetokea lenyewe, kwamba kuna miguu mibaya na bahati mbaya. Swali halikuuliza aligongwaje. Liliuliza nani amekanda. Nikaelewa kwamba kile kigumu mle ndani kina mkono wangu, na kwamba mtoto huyu, ambaye aliuma meno jioni zote zile, bado alikuwa ananitetea. Nikasema, "Ni mimi." Daktari akatikisa kichwa akaandika fomu ya eksirei.

Kwenye picha mfupa wa paja ulionekana ulivyo, mweupe na ulionyooka. Mbele yake, pasipostahili kuwa na kitu, palikuwa na kivuli cheupe chenye kingo zisizo wazi, kama ukungu. Ulikuwa mfupa. Mwili, katika kuirekebisha ile damu iliyoganda ndani ya msuli, ulikuwa umeanza kujenga mfupa ndani ya nyama. Hutokea wakati mwingine baada ya donge kubwa la damu hata bila kosa la mtu, na daktari alikuwa mwangalifu kusema hivyo. Lakini kukanda mapema, joto, kuvuta kiungo kwa nguvu na kurudi uwanjani haraka huongeza hatari yake, kwa sababu kila mara unaifumua upya mishipa iliyokuwa inaziba na kuongeza damu kwenye donge. Mimi nilifanya yote manne. Na dawa ya maumivu niliyomnunulia siku ile ya kwanza bila kumuuliza mtu ilikuwa miongoni mwa zile zinazoweza kuzidisha kutoka kwa damu.

Baadaye fizio alinieleza mambo ambayo wenzangu wangefaa kuyasikia kabla ya kuyahitaji. Mwaka 1973 madaktari wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliokuwa wakiwatibu wanafunzi waliogongwa mapaja michezoni, walitoa kipimo rahisi sana: goti linakunjika kiasi gani. Likipita pembe ya digrii 90, jeraha ni dogo. Likiishia kati ya 45 na 90, ni la wastani. Likishindwa kufika 45, ni kubwa. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji kumlaza mtu kifudifudi kwenye nyasi. Mwaka 2006 madaktari wa chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani waliripoti njia waliyokuwa wakiitumia: mara tu mtu anapogongwa, goti linakunjwa mpaka kama digrii 120 bila kulazimisha, linafungwa bendeji likae hivyo kwa saa 24 pamoja na barafu, ili msuli uliotandazwa ujibane wenyewe na damu ikose nafasi ya kujaa. Baada ya hapo mgonjwa hujinyoosha mwenyewe polepole, kwa kadiri ambayo haimletei maumivu. Waliotibiwa hivyo walirudi mchezoni haraka, na wachache sana waliota mfupa.

Bendeji ya kuvutika inauzwa duka la dawa lolote. Nilikuwa nanunua chupa ya mafuta ya kuchua kila mwezi.

Fizio aliongeza onyo ambalo kwetu halikutokea, lakini ni la kushika. Paja au mguu wa chini ukigongwa ukakaza kama ngoma, maumivu yakazidi kila saa hata mtu akiwa ametulia, unyayo ukaanza kufa ganzi au vidole kutojongea, hapo hapana kungoja asubuhi. Damu iliyofungiwa inaweza kuminya mishipa mpaka nyama ikafa, na ni suala la saa chache. Kungoja basi la saa kumi na mbili ni kuchelewa.

Gharama yake naisema ilivyo. Kijana alikosa msimu mzima. Alikosa majaribio ya timu moja ya ligi ya chini aliyokuwa ameitwa, na hawakumwita tena. Alikaa miezi akienda kwa fizio, mwanzoni mara nyingi, baadaye mara chache. Upasuaji haukufanywa, kwa sababu mfupa wa namna hiyo ukikatwa kabla haujakomaa huweza kurudi, na mara nyingi mwili wenyewe huupunguza kadiri muda unavyopita. Wake umepungua. Goti sasa linakunjika karibu lote. Karibu. Amerudi kucheza, lakini anacheza kiungo wa kati, kwa sababu ile kasi ya kutoka papo hapo iliyomfanya awe winga haijarudi, na sidhani itarudi. Nilichangia pesa za eksirei na za fizio. Pesa zilikuwa sehemu ndogo ya deni.

Kwa mama yake nilikwenda siku ile ile ya picha. Ana kibanda cha mboga, na nilimkuta akifunga sukuma wiki mafungu. Nilimwambia kila kitu, pamoja na kumrudisha uwanjani, jambo ambalo hakuwa akilijua. Hakupiga kelele. Alisema, "Kocha, maji nilichemsha mimi." Nikamwambia alichemsha kwa sababu nilimwambia achemshe. Akaendelea kufunga mboga, halafu akaniuliza kama mtoto atatembea vizuri. Nikajibu ndiyo. Akauliza kama atacheza. Hilo sikuwa na jibu lake wakati ule.

Kijana mwenyewe hajanilaumu kwa mdomo wake, nami sijaomba anisamehe zaidi ya mara moja, maana kumwomba tena na tena ni kumpa kazi ya kunifariji.

Niliendelea kufundisha baada ya kuwauliza wazazi kama wanataka niendelee. Sasa kwenye mfuko wa mipira kuna bendeji mbili, na anayegongwa paja hatarudi ndani siku hiyo hata kama tunafungwa. Msimu uliopita beki wetu wa kushoto alipigwa goti mahali karibu pale pale. Nilimlaza kifudifudi, goti likaishia kabla ya digrii 90, nikamkunja mguu taratibu, nikamfunga. Tulipomfikisha kwao na boda, mama yake alikuwa amekwisha pata habari, na karai lilikuwa tayari mlangoni likitoa mvuke. Akaniambia niingie nimkande mtoto, mbona nimemfunga mguu kama kuku wa kupelekwa sokoni. Nikamwambia hapana, mama, hili halikandwi. Akaona namkatili mwanawe. Akasema yeye amekanda watoto watano na wote wana miguu.

Nikakaa chini nikamsimulia habari za winga wetu, tangu lile goti mpaka picha, nikimtaja aliyekanda kuwa ni mimi. Alimjua kijana. Alikuwa amemwona akishika ukuta kushuka ngazi za kanisa, wala hakuwahi kujua sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamwangalia mwanawe, akauliza barafu tutaipata wapi saa hizo na baridi hii. Nikamwambia taulo na maji ya bomba la nje yanatosha kuanzia, na mkubwa wake akimbie dukani akaulize kama kwenye friji kuna maziwa yaliyoganda.